Wikendi tatu za bonanza: kisa cha vijana wawili na uteuzi tulioukosea

Kisa hiki ni cha klabu moja ya mpira wa kikapu katika mji wa pwani ya Tanzania. Mimi nilikuwa kocha msaidizi, mmoja wa watu wanne waliokaa mezani kuchagua vijana. Jina la klabu, viwanja na watu nimeyaacha, na namba za jezi nimezibadilisha. Vijana wenyewe, ambao sasa ni watu wazima, wamelisoma andiko hili na kuliridhia. Nimewaandikia makocha na viongozi wa klabu ndogo ambao, kama sisi, hawana watu wa kuzunguka mikoani kutafuta vipaji, na hulazimika kuwapima vijana kwenye mechi za mapumziko ya ligi.

Usuli

Msimu ulipoisha tulikuwa na mapengo mawili. Pointi gadi wetu, yaani mchezaji anayevusha mpira na kuendesha mashambulizi, alikwenda chuo mkoa mwingine, na senta wa akiba, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, alikatazwa na daktari kucheza kwa sababu ya goti. Fedha zilitosha kijana mmoja tu: ada ya usajili, viatu, na nauli ya mazoezi mara nne kwa wiki. Kwa klabu ambayo wachezaji huchangishana ili kulipia taa za uwanja, nauli ya kijana mmoja kwa msimu mzima hujadiliwa kikao kizima.

Tukakubaliana kutazama bonanza. Lilichezwa wikendi tatu mfululizo, Jumamosi na Jumapili, kwa timu nane: nyingine za mitaa, nyingine za shule, na nyingine za kuokoteza, yaani watu waliofika uwanjani wakagawiwa jezi. Kila robo ilikuwa ya dakika nane na saa haikusimama. Kibao cha sekunde 24, yaani saa inayoilazimisha timu kutupa kabla muda huo haujaisha, hakikuwepo. Waamuzi wawili walijitolea, na waliziacha faulo nyingi ndogo ili mechi ziishe kabla ya giza. Wachezaji kadhaa wa ligi walishiriki, ila walikuja kunyoosha viungo. Hakuna aliyekuja kukaba kana kwamba kuna kombe.

Jopo lilikuwa na kocha mkuu, meneja wa timu, mimi, na mchezaji wetu mkongwe aliyestaafu, ambaye hapa nitamwita Mzee kama sote tunavyomwita. Tuligawana karatasi za takwimu. Jambo moja hatukulifanya, nalo ndilo mzizi wa yote yaliyofuata: hatukukaa hata dakika kumi kuulizana tunakwenda kutafuta nini.

Wikendi ya kwanza

Kijana wa jezi namba saba alikuwa na miaka 20. Mguu mwepesi, mkono laini, na uthubutu ambao huwezi kuufundisha. Katika mechi ya kwanza alitupa kutoka mbali, ukaingia. Akatupa tena akiwa amerudi nyuma hatua moja, ukaingia. Watoto waliokaa ukutani wakaanza kuhesabu kwa sauti kila anapopata mpira. Hadi jioni ya Jumapili kipande cha video chake kilikuwa kimezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda kikapu mjini, na mwenyekiti wetu, ambaye hakuwepo uwanjani, alinipigia simu kuuliza, "Mwalimu, huyu dogo mmeshamshika?"

Jezi namba kumi na tano alikuwa na miaka 17, mrefu, mwembamba, bado yuko sekondari. Mji wetu kila kijana mrefu hubandikwa jina la Hasheem, kwa heshima ya Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009. Jina hilo humpa kijana furaha siku ya kwanza na mzigo siku zote zinazofuata. Wa kwetu alipokosa kikapu cha wazi chini ya ringi, uwanja mzima ulicheka na mtu akapaza sauti, "Hasheem wa bandia!" Alicheza dakika chache, akapata faulo nne, akatolewa. Karatasi yangu ilionyesha pointi mbili na ribaundi tatu, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile aliamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama yake kupeleka bidhaa sokoni, kisha akapanda daladala mbili kufika uwanjani. Hilo halikuwa kwenye karatasi, na sikuuliza.

Wikendi ya pili na ya tatu

Wikendi ya pili namba saba aliendelea palepale. Kwa mechi nne za mwanzo nilihesabu mitupo yake ya mbali, ya pointi tatu: 20, na iliyoingia ilikuwa 10. Nusu kwa nusu. Kocha mkuu aliizungushia namba hiyo duara jekundu kwenye daftari lake.

Namba kumi na tano alibadilika, lakini mabadiliko yake hayakuwa ya kushangiliwa. Alikuwa akimzuia mpinzani kwa mgongo kabla ya kuutazama mpira, hata pale ribaundi ilipodakwa na mwenzake. Alikuwa akisema. Mzee ndiye aliyenigusa bega: "Msikilize." Nikafumba macho kidogo, nikasikia sauti nyembamba ya kijana wa shule ikiwaambia watu wazima asiowajua: kushoto, kushoto, skrini inakuja, nipo nyuma yako. Mara mbili alimpasia mwenzake mpira mzuri chini ya kikapu, mwenzake akaukosa. Karatasi ikabaki na sifuri kwenye safu ya asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu.

Wikendi ya tatu mvua ilinyesha Jumamosi na mechi ya siku hiyo haikuchezwa. Jumapili uwanja ulikuwa bado na madimbwi pembeni, mechi ikafupishwa. Namba saba alichelewa kufika, akaingia robo ya tatu, akatupa mara chache. Hatukuyapa uzito wowote yale tuliyoyaona siku hiyo, kwa sababu kichwani tulikuwa tumeshaamua.

Uamuzi na sababu zake

Tulikutana Jumatatu jioni. Meneja alifungua kikao kwa kuonyesha video kwenye simu. Kocha mkuu akasema klabu nyingine imeanza kumsogelea namba saba, kwa hiyo tusilale. Mimi nikataja pointi zake kwa kila mechi. Mzee aliongea wa mwisho, akasema angependa tumtazame yule mrefu zaidi, na kwamba namba saba anapopoteza mpira harudi kukaba, husimama kumtazama mwamuzi.

Hapa lazima nikiri jambo. Kwenye daftari langu, ukurasa wa mechi ya pili, niliandika kwa mkono wangu: "Saba: hachelewi kutupa, anachelewa kurudi." Nilikuwa na ushahidi uleule wa Mzee, na sikuutaja. Watu watatu walikuwa wameshasema, sauti zilikuwa za shangwe, na mimi sikutaka kuwa wa kumwaga maji.

Tukamsajili namba saba. Namba kumi na tano tuliamua aruhusiwe kufanya mazoezi nasi bila usajili na bila nauli. Ukitazama kwa macho ya siku ile, sababu zilikuwa na uzito: tulihitaji mtu wa kumiliki mpira haraka, ligi ilikuwa inakaribia, kijana wa miaka 17 angeweza kungoja, na tuliogopa kunyang'anywa. Matokeo tuliyatangaza kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa uwanja wa mazoezi na kupigwa picha, ikatumwa kwenye kundi. Hakuna aliyezungumza na vijana ambao majina yao hayakuwepo.

Kilichotokea baadaye

Mechi ya kwanza ya ligi ilimfundisha namba saba jambo ambalo bonanza halikumfundisha. Kibao cha sekunde 24 kilikuwa kinawaka. Wapinzani walimkabili tangu nusu ya uwanja wetu, wawili kwa mmoja, wakijua kwamba ana sekunde nane tu za kuuvusha mpira. Alipovuka, alikuwa hana muda wa kupanga hatua yake ya nyuma. Alipoteza mipira sita kabla ya mapumziko. Mitupo yake ya mbali iliendelea kuwa mizuri pale alipokuwa huru, ila alikuwa huru mara chache, na kwa msimu mzima wastani wake ulitulia karibu mtupo mmoja kati ya mitatu. Hicho ni kiwango cha heshima kwa kijana wa umri wake. Kilichotuumiza ni kwamba tulimpa kazi ya kuendesha timu kwa kutegemea mtupaji wa nusu kwa nusu ambaye hakuwahi kuwepo.

Kufikia katikati ya msimu alikuwa benchi. Mashabiki walewale waliomhesabia wakaanza kumzomea, na uso wake ulibadilika. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu kijana hakumdanganya mtu. Alicheza bonanza jinsi bonanza linavyochezwa. Sisi ndio tuliomsomea vibaya, kisha tukamwacha abebe makosa yetu mbele za watu.

Namba kumi na tano alikuja mazoezini wiki mbili, kisha akatoweka. Nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake alinikaribisha, akaniletea kigoda, akasema kwa upole ambao ulinichoma zaidi ya lawama: "Mwalimu, ile picha ya karatasi aliiona tukiwa tunakula. Aliamka, akaenda kunawa. Hakurudi mezani." Kijana mwenyewe alinipa shikamoo, akakaa, akaniuliza swali moja tu: "Kocha, nilikosea wapi ili nijue pa kurekebisha?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na pointi na ribaundi zake, lakini jibu la swali lake sikuwa nalo.

Alirudi mazoezini mwezi uliofuata, baada ya Mzee kujitolea nauli kutoka mfukoni mwake. Msimu uliofuata tulimsajili. Hajawa nyota. Huingia uwanjani dakika kumi na tano hivi kwa mechi, anakaba, anasema, anadaka, na timu huwa imetulia zaidi akiwa ndani. Namba saba alihamia timu ya daraja la chini ambako anacheza pembeni kama mtupaji, wala hapewi kazi ya kuuvusha mpira. Anafunga vizuri na amerudisha tabasamu lake. Kwa maana nyingine, wote wawili walikuwa na mahali pao, na sisi tuliwachelewesha kufika.

Uchambuzi: mitupo 20 inasema nini

Nianze na duara jekundu. Mpwa wangu anayesoma takwimu chuoni alinikalisha chini na kuniuliza: ikiwa kiwango halisi cha kijana ni mtupo mmoja kati ya mitatu, je, akitupa mara 20, ni mara ngapi atapata 10 au zaidi kwa bahati tu? Tukapiga hesabu. Ni takriban asilimia 9. Inaonekana ndogo, mpaka ukumbuke kwamba hatukumtazama kijana mmoja. Weka watupaji ishirini wa kiwango kilekile kwenye bonanza moja, kila mmoja atupe mara 20, na kwa kawaida utapata wawili hivi watakaotupa nusu kwa nusu bila kuwa bora kuliko wenzao hata kidogo. Na hao wawili ndio watakaorekodiwa kwenye simu. Tulikwenda uwanjani tukidhani tunatafuta kipaji, kumbe macho yetu yalikuwa yanavutwa na yule ambaye bahati ilimkalia wikendi ile.

Wakubwa nao hukutana na jambo hili, tena wakiwa na kamera kila kona. Ligi ya kiangazi ya NBA huchezwa karibu kila Julai kule Las Vegas tangu 2004. Robo ni za dakika kumi badala ya kumi na mbili, na mchezaji hatolewi hadi afikishe faulo kumi. Wachezaji wengi hawajawahi kucheza pamoja. Mwaka 2012 tuzo ya mchezaji bora wa mashindano hayo waligawana wawili, Damian Lillard na Josh Selby. Selby alitupa pointi tatu kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 60, jambo ambalo hakuna mwanadamu anayelidumisha msimu mzima. Lillard akawa mchezaji bora chipukizi wa NBA kwa msimu uliofuata. Kwa Selby, msimu huohuo wa 2012–13 ndio uliokuwa wa mwisho katika NBA. Jukwaa moja, tuzo moja, wiki moja.

Kinyume chake kipo pia. Trae Young alipovaa jezi ya Atlanta, timu ya NBA, mara ya kwanza, Julai 2018 huko Utah, alitupa mara 20 zikaingia nne, na katika mitupo 11 ya pointi tatu ukaingia mmoja. Wako waliomhukumu usiku uleule. Msimu wake wa kwanza aliumaliza na wastani wa pointi 19.1 na asisti 8.1, na mwaka 2020 alikuwa kwenye mechi ya nyota wote. Namba kumi na tano wetu hatafika huko, wala simlinganishi naye. Ninachosema ni kwamba mtupo uliokosa kwenye mechi moja ya kirafiki ni ushahidi mwepesi sana kumzomea nao mtoto.

Ukitaka kujua mkono wa mtupaji, mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo, hukupa picha iliyo safi zaidi, kwa sababu hakuna mkabaji, umbali ni uleule na hakuna haraka. Namba saba mitupo yake huru ilikuwa ya wastani tu. Ilikuwa kwenye karatasi. Hakuna aliyeizungushia duara.

Kilichohama na kisichohama

Baada ya msimu nilichukua karatasi za bonanza na za ligi nikaziweka sambamba. Pointi zilitofautiana sana. Mitupo ya mbali ilitofautiana zaidi. Lakini tabia zilihama karibu kama zilivyo. Aliyekuwa akidaka ribaundi kwenye bonanza aliendelea kudaka kwenye ligi. Aliyepata faulo za uvivu, za kunyoosha mkono badala ya kusogeza mguu, alizipata vilevile kwenye ligi. Na aliyesimama kumtazama mwamuzi baada ya kupoteza mpira alisimama vilevile.

Victor Wembanyama, Mfaransa mrefu wa NBA, ni mfano ninaoupenda hapa. Mechi yake ya kwanza Las Vegas, Julai 7, 2023, alitupa mara 13 na kuingiza mara mbili. Pointi tisa. Siku mbili baadaye akafunga 27. Ukitazama pointi peke yake utasema ni watu wawili tofauti. Lakini ile siku mbaya alizuia mitupo mitano na kudaka ribaundi nane, na msimu ulipoanza aliongoza NBA nzima kwa kuzuia mitupo, wastani wa 3.6 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora chipukizi kwa kura zote. Kilichokuwa chake kilionekana hata siku mikono ilipokataa.

Kwa namba kumi na tano, kilichokuwa chake ni sauti na mgongo: kusema na kuzuia. Hivyo havina safu kwenye karatasi ya takwimu tunayoitumia. Na zile pasi mbili zilizodondoshwa na mwenzake zilikuwa pasi kamili. Karatasi ilimhesabia mpokeaji kukosa, na mpasiaji ikamnyima. Kwenye timu ya kuokoteza, ambako watu wamejuana saa moja iliyopita, kijana anayecheza kwa kupasia huadhibiwa na wenzake, na kijana anayecheza peke yake hutuzwa. Mizani ya bonanza imelemea upande huo tangu mwanzo, hata kabla hatujakaa kuhukumu.

Saa ambayo haikuwepo

Hili ningelizingatia kuliko yote kama ningepewa nafasi ya kurudi nyuma. Mpira wa kikapu usio na sekunde 24 hauna maswali yale yale ya mpira wa ligi. Namba saba alikuwa akidunda mpira, anarudi, anaupanga upya, anamtikisa mkabaji, anarudi tena, kisha anatupa. Wakati mwingine shambulio moja lilichukua karibu sekunde 40. Hakuna aliyemzuia kwa sababu hakuna sheria iliyomzuia. Tulikuwa tunamtafuta mtu wa kuendesha timu chini ya shinikizo la saa na la wakabaji wawili, na tulimpima mahali ambapo vyote viwili havikuwepo.

Bonanza lilikuwa na uwezo wa kutujibu maswali kadhaa. Anarudi kukaba? Anawasikiliza wenzake? Akikosea, dakika inayofuata anafanya nini? Anafika kwa wakati? Swali la kama ataweza kuvusha mpira akibanwa na wawili halikuwa na jibu pale, na sisi tulilichukua jibu la swali jingine tukalibandika juu yake.

Umri, na mengine yaliyotupita

Tofauti ya miaka mitatu kati ya 17 na 20 ni mwili mzima. Namba saba alikuwa akikimbizana na watoto wa shule. Namba kumi na tano alikuwa akisukumana na wanaume wenye familia. Hakuna mahali kwenye karatasi zetu tulipoandika umri wa mchezaji wala wa aliyemkaba.

Video nayo ina lake. Vipande vilivyozunguka vilifuata mpira, na mpira ulikuwa mikononi mwa namba saba. Meneja, kwa bahati njema, alikuwa ameegemeza simu yake nyuma ya kikapu kimoja kwenye mechi mbili, ikarekodi nusu nzima ya uwanja bila kumfuata mtu. Hakuna aliyeitazama hadi msimu ulipoharibika. Tulipoitazama, namba kumi na tano alikuwa kila mahali. Ile rekodi mbovu, isiyo na muziki wala madoido, ndiyo ushahidi bora tuliokuwa nao, na ilikaa kwenye simu miezi minne.

Kilichofaa katika kisa hiki ni kidogo, nacho ni cha Mzee: aliandika alichokiona kabla ya kumsikia mtu yeyote, na alimtazama kijana mmoja mechi nzima badala ya kuufuata mpira. Udhaifu wetu ni kwamba tulimpa nafasi ya kusema akiwa wa mwisho, meza ikiwa imeshalewa.

Na ile karatasi ya ukutani. Nimekutana na viongozi wanaosema kijana asiyevumilia kukataliwa hafai michezo. Siafiki. Yule kijana alivumilia kukataliwa. Kilichomshinda ni kukataliwa bila sababu, mbele ya watu, kwa picha ya simu, na watu ambao aliamka saa kumi alfajiri ili wamwone.

Tulichobadilisha

Sasa kabla ya bonanza lolote tunaandika maswali matatu kwa kila nafasi tunayoitafuta, na tunajiuliza kama mechi za namna ile zinaweza kuyajibu. Yasiyoweza kujibiwa tunayapeleka mazoezini. Tunamwalika kijana siku mbili, tunawasha saa ya simu kwa sekunde 24, na tunamtia wakabaji wawili. Pia anatupa mitupo huru kumi baada ya kukimbia uwanja mara nne, akiwa anahema.

Kwenye karatasi tumeongeza safu ya mitupo mizuri, iwe imeingia au imekosa, na safu ya pasi nzuri iliyodondoshwa. Safu ya pili ilileta ubishi, kwani kila mtu ana maana yake ya pasi nzuri, na bado hatujakubaliana kikamilifu. Umri huandikwa. Simu moja hukaa nyuma ya kikapu na haifuati mpira.

Kila mjumbe huandika maoni yake na kuyakunja kabla kikao hakijaanza, na mwenye cheo kidogo husoma kwanza. Mwenyekiti alilalamika mara ya kwanza. Safari ya pili alileta karatasi yake ikiwa imeshakunjwa.

Hatubandiki tena majina. Kila kijana, aliyechaguliwa na asiyechaguliwa, huitwa pembeni na kuambiwa mambo mawili aliyoyafanya vizuri na moja la kurekebisha. Huchukua jioni mbili nzima, na wengine huja na wazazi. Msimu uliopita aliyekaa upande wetu wa benchi kuwaelezea wadogo alikuwa namba kumi na tano. Niliona ameandika kwenye daftari lake mapema, kabla ya yeyote kati yetu kusema neno: "Huyu anasema akikaba."